Zawadi za Mashemeji Juu ya Bunduki ya Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungua boksi lililotoka Bandari ya Jeddah, nikakuta vipande vinene vya mpira mweusi vimepangwa viwili viwili, nikamwambia meneja wangu kwa kujiamini kabisa kwamba soli za viatu zimefika. Meneja yule, Mmisri tuliyemwita Mudir kama wanavyoitwa mameneja wote kule, alicheka mpaka akashika rafu asianguke. Kisha akachukua kipande kimoja, akakiweka begani mwangu, akanipiga ngumi juu yake. Sikuumia.

"Hiyo soli huvaliwa na bunduki," akasema. "Sasa umeijua, na hutaisahau."

Na kweli sijaisahau. Vijana wa hapa Voi wakiniuliza Saudia nilikuwa nafanya kazi gani, nikiwaambia nilikuwa kwenye duka la bunduki, wananitazama kama mtu aliyetoka vitani. Vita gani jamani! Nilikuwa fundi wa cherehani hapa Voi, wa kushona na wa kuzitengeneza. Miaka ile mawakala wa Nairobi walipokuwa wakijaza ndege kwa madereva, walinzi na wasichana wa kazi za nyumbani, nami niliandikishwa kama dereva, nywele tayari zina mvi. Nilipofika Jeddah, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenishikia ikama, kile kitambulisho cha mkaazi, alisikia nilikuwa fundi wa cherehani. Akasema madereva anao tele, mtu mwenye vidole vya skrubu ndogo hana. Nikatupwa stoo.

Bunduki zenyewe sikuziuza hata siku moja. Hizo ziliuzwa na mwenyeji mwenye leseni, kwa mteja mwenye kibali cha serikali, na makaratasi yake yalikuwa mengi kuliko ya kuoa. Mimi nilikuwa wa vifaa: mipira ya kitako, mikanda, mafuta, brashi za mtutu, mabegi, miwani, vizuia sauti vya masikioni, na vikorokoro vingine ambavyo mtu akishanunua bunduki yake ya kwanza huvitamani kama mtoto mbele ya duka la peremende.

Mudir alinifundisha kazi kwa kelele. Asubuhi nikitoka chumbani kwetu mtaa wa Kandara, pale pale Jeddah, tulikolala wengi na feni moja, namkuta ameshamwaga vifaa mezani. "Yalla, Ilyasi, hiki nini?" Jina langu ni Elija, lakini kule nilikuwa Ilyasi tangu uwanja wa ndege mpaka uwanja wa ndege. Nikikosea anapiga meza. Nikipatia anapiga meza pia. Lakini jambo moja alilisema polepole, bila kupiga kitu, nami nalikabidhi kwenu kama lilivyo.

"Mteja wa bunduki ya kwanza usimuulize anataka kununua nini. Hajui, na atakutajia kila alichokiona kwenye simu. Muulize mambo mawili. Anaenda kupiga nini? Na anaenda na nani?"

La kwanza nilielewa papo hapo. La pili nililiona upuuzi. Ikanibidi nihamishwe Riyadh ndipo nilielewe.

Riyadh niliwekwa chini ya Fundi Mkuu, mzee wa Peshawar, Pakistan, mwenye ndevu nyekundu za hina na maneno machache mno. Tofauti yake na Mudir ilikuwa kama ya jogoo na jiwe. Tulikuwa tukikaa mtaa mmoja, Al-Shumaisi, na tulikwenda kazini pamoja kila siku bila kuzungumza, nami nikajifunza kumpenda hivyo hivyo. Kwake nilifundishwa kwa mikono. Anafungua bunduki, ananipa kipande, anangoja nikirudishe mahali pake. Nikishindwa hasemi kitu. Ananywa chai mpaka niweze.

Hapa lazima nieleze kidogo, na mwenye haraka anivumilie. Bunduki ya marisau ni ile inayotoa punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja, ya kupigia ndege, au visahani vya udongo vinavyorushwa angani na mashine pale uwanja wa shabaha. Ya nusu otomatiki ni ile ambayo ukishafyatua, yenyewe inalitupa ganda lililotumika na kuingiza risasi nyingine. Kuna zinazofanya hivyo kwa kutumia moshi wa baruti. Na kuna zinazotumia teke lake lenyewe: bunduki inaporuka nyuma, springi iliyo ndani inabanwa, na springi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa ganda. Hii ya pili ni safi, nyepesi, haina masizi mengi, na wateja wetu waliipenda. Lakini ina masharti. Lazima iachwe iruke. Shikilieni neno hilo.

Kuhusu vifaa, Fundi Mkuu alikuwa na mpangilio wake ambao hakuwahi kuusema, ila niliuona kwa kile alichokuwa akisogeza mbele ya mteja. Masikio na macho kwanza: vizuia sauti na miwani, kwa sababu bunduki unaweza kubadilisha, sikio huwezi. Halafu begi gumu na vifaa vya kusafishia. Halafu anamsimamisha mteja, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa na watu wawili, anamwambia afumbe macho, ailete begani, afumbue. Kama jicho halikuangukia juu ya mtutu sawasawa, anafungua kitako na kutia kipande chembamba cha plastiki, kipande kinachokuja bure na bunduki lakini kila mtu hukitupa pamoja na boksi. Vile vile kuhusu choki, bomba fupi linalofungwa kwenye mdomo wa mtutu kubana au kutawanya marisau. Bunduki mpya huja nazo kadhaa. Tumia hizo kwanza. Mengine yote, taa, vishikio vya rangi, vifungo vikubwa, yanaweza kungoja mpaka mtu ajue anachokikosa. Wengi waligundua hawakosi kitu.

Basi siku moja akaingia Mwalimu.

Aliingia katikati ya mashemeji zake wanne, wanaume warefu wenye sauti za kuitana jangwani, naye mfupi, mabega yameinama kwa miaka ya kusahihisha madaftari. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na amestaafu karibuni. Mkewe, dada ya wale wanaume, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Binti yake mmoja ameolewa Jeddah. Mwenyewe alibaki na nyumba kubwa na televisheni.

Haya hakunieleza yeye. Nilielezwa na shemeji mkubwa palepale kaunta, Mwalimu akisikia. "Huyu ni mume wa dada yetu. Dada aliniambia hospitalini, msimwache akae peke yake, atakauka. Sisi kila Ijumaa tunaenda uwanja wa shabaha. Tangu leo anakuja na sisi. Yalla, mtengenezeni."

Mwalimu alinitazama kwa aibu, kama mwanafunzi aliyeletwa shuleni na wazazi wote wawili. Nilimpenda saa ile ile.

Bunduki alinunua nzuri, ile ya kuruka. Tukampimia kitako, tukampa miwani na vizuia sauti. Fundi Mkuu akamfungia choki iliyo wazi, inayotawanya marisau, maana mtu mgeni anahitaji kusamehewa. Akaondoka na bunduki nyepesi iliyomkaa kama kanzu iliyoshonwa na mamake.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na desturi yao. Mtu akipata bunduki yake ya kwanza, ndugu na mashemeji humletea zawadi ya kuifunga juu ya bunduki. Na zawadi huangaliwa. Ijumaa ikifika, kila mtu anatupa jicho kuona kitu chake kipo. Kukivua ni kama kumrudishia mtu sahani ya pilau bila kuionja.

Wiki iliyofuata shemeji mkubwa akaleta tochi ya chuma, nzito, ya kufungwa chini ya mtutu. Tochi, kupiga visahani saa tisa alasiri, jua la Riyadh! Wa pili akaleta kibebeo cha risasi cha kubandikwa ubavuni, kikiwa kimejaa. Wa tatu, mkanda mpana wa ngozi uliotariziwa jina la Mwalimu kwa uzi wa dhahabu, kazi nzuri ajabu, nami fundi wa cherehani niliushika kwa heshima. Mdogo wao akaleta mpira mnene wa kuvisha juu ya kitako, kwa sababu alimhurumia bega. Nilivifunga vyote. Ningefanyaje? Walisimama pale wananitazama kwa furaha, kila mmoja anaelekeza skrubu yake.

Fundi Mkuu aliiinua bunduki ile, akaipima uzito mkononi, akaninong'oneza, "Itarudi." Yeye kusema neno moja ni kama mwingine kuhutubia.

Ilirudi. Mwezi haukuisha, Mwalimu akaingia peke yake, begi mkononi, akaliweka kaunta kwa upole.

"Ilyasi, nataka kuiuza."

"Ina nini, Mwalimu?"

"Haina kitu. Mimi ndiye sifai."

Nikamvutia kiti, nikamletea chai, maana kwetu mtu hasemi la moyoni akiwa amesimama. Akaeleza. Ijumaa ya kwanza baada ya zawadi, bunduki ilikwama kila baada ya mpigo mmoja. Ganda halitoki. Mashemeji wakamwambia risasi zake ni laini, za kike, wakampa zao zenye baruti kali. Kweli ikaacha kukwama. Lakini ikawa inampiga. Alifungua kola ya kanzu akanionyesha: bega lote lilikuwa zambarau na manjano, jamani, bega la mzee wa watu. Na kwa kuwa kitako kimerefushwa na ule mpira, kila akiileta juu inanasa kwapani, kisahani kinapita, kinaanguka chenyewe na kuvunjika kwa huruma.

"Punda asante yake ni mateke," nikasema. Ilinitoka tu kwa Kiswahili. Ikabidi nimtafsirie, akacheka kidogo.

"Nitawaambia daktari amenikataza," akasema. "Watanielewa. Watakuja kunisalimia Idi. Ni watu wazuri. Lakini mtu asiyekuja Ijumaa huzoeleka kuwa hayupo. Nilikuwa nimeanza kuipenda Ijumaa, Ilyasi. Nilikuwa nikianza kupiga pasi kanzu tangu Jumatano."

Nilikuwa nimewaona wanaume wengi wa namna hiyo, hata kwetu: wanaanza kwa kukosa Ijumaa moja, wanamalizia kwa kutofungua dirisha. Nikalibeba lile begi bila kumwomba ruhusa, nikampeleka naye nyuma kwa Fundi Mkuu.

Mzee hakuuliza. Alihakikisha ni tupu, akampa Mwalimu aangalie pia, akafungua tochi, akaiweka kwenye mizani yetu ya posta. Akaongeza kibebeo na risasi zake. Akaongeza mkanda. Akavua ule mpira. Kisha akaivuta springi ya ndani ya bunduki kwa kidole, akaiachia, akamtazama Mwalimu, akaendelea kunywa chai. Ndivyo alivyofundisha wote.

Mwalimu aliitazama mizani. Akatazama springi. Midomo ikaanza kucheza, kama mtu anayekokotoa ubaoni. Ghafla akapiga paji la uso.

"Ya salaam! Inahitaji kuruka! Tumeipakia uzito, hairuki, haifunguki. Tukaipa risasi kali ili iruke, ikawa kinachopigwa ni mimi!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Fundi Mkuu, haki ya Mungu, akatabasamu, jambo nililoliona mara chache sana. "Miaka yote nimefundisha watoto hii hesabu. Uzito ukizidi, mwendo unapungua. Nimeibeba begani na sikuiona!"

Basi nikajua yamekwisha. Halas. Nikaanza kuvikusanya vile vifaa nivifunge kwenye mfuko.

"Rudisha," akasema Mwalimu. Kicheko kilikuwa kimekatika. "Rudisha vyote, Ilyasi. Siwezi kwenda Ijumaa na bunduki isiyo na kitu juu yake. Tochi ile ni ya kaka mkubwa. Aliiagiza. Anaitazama kila nikishuka garini."

"Mweleze hesabu."

"Nimweleze kwamba zawadi yake imenijeruhi? Mbele ya ndugu zake? Bora bega."

Mwalimu akaanza kufunga begi, nami nilijua akitoka pale tutaonana naye barabarani tu, tukipungiana mikono. Nikabaki nageuza ile tochi mkononi. Ndipo nikakumbuka saa za Mama Neema, mke wangu.

Nilipooa, mashemeji zangu watatu walitoka Wundanyi, Taveta na Mombasa, kila mmoja na zawadi yake, na wote watatu, bila kushauriana, walileta saa ya ukutani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Nilitaka kuficha mbili chini ya kitanda. Mke wangu akanicheka. "Wewe Elija wewe! Kaka zangu hawatakuja kuangalia saa ngapi. Watakuja kuangalia kama imetundikwa." Moja ikakaa sebuleni, moja chumbani, na ya tatu jikoni juu ya sufuria, na huyo wa Taveta alipokuja akakuta saa yake inanusa mchuzi, akaapa ndiyo iliyopewa heshima kuliko zote.

Nikamsimulia Mwalimu. Nikamuuliza, "Pale uwanjani mnafanya nini mkishamaliza kupiga?"

"Tunatandika mazulia. Kahawa. Wanacheza karata mpaka baada ya magharibi. Mimi huandika pointi zao, maana wote wanaibiana."

"Basi," nikasema, "hakuna anayeangalia imefungwa wapi. Wanaangalia kama imefungwa."

Mwalimu akalitua begi. Kisha akavua kofia yake, akaikunja mikono ya kanzu, akakaa mezani petu mpaka alasiri, mwanafunzi wa kwanza wa Fundi Mkuu aliyewahi kuzungumza zaidi ya mwalimu wake.

Ijumaa ile akanialika niende naye. Kafili akaruhusu, kwa sababu shemeji mkubwa alikuwa mteja wa kuheshimiwa. Nilikwenda nimevaa shati la kanisani, na wasiwasi tele. Kwa sababu wazo lilikuwa langu, na likiharibika, nitakuwa nimemfukuzisha mtu kwa shemeji zake.

Tuliposhuka, shemeji mkubwa alikuwa amesimama penye kivuli cha hema, macho tayari kwenye begi. Mwalimu akalifungua. Bunduki ikatoka kama ilivyozaliwa.

"Tochi yangu iko wapi?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Wengine watatu wakageuka. Niliona kila mmoja akitafuta chake kwa macho na kutokiona. Yule mdogo akatazama chini.

Mwalimu alirudi garini. Alitoa kwanza birika kubwa la chuma la kahawa, linaning'inia begani mwake kwa mkanda wa ngozi, jina lake linang'aa kwa uzi wa dhahabu. Akalitua. Akatoa kinu cha kutwangia kahawa, chini kimevishwa ule mpira mnene, kisiteleze wala kupigia majirani kelele. Akatoa ubao mdogo mweupe wa kuandikia pointi, na ubavuni pake, kimefungwa kwa skrubu zangu mwenyewe, kile kibebeo cha risasi, kimejaa kalamu nene za rangi. Mwisho akaenda kwenye nguzo ya hema, akafunga ile tochi juu, akaiwasha mchana kweupe, ikamulika katikati ya zulia, pale pale karata zinapochezewa.

"Bunduki naishika robo saa," akasema. "Hapa nakaa na ninyi mpaka giza. Nikaona zawadi zenu nizifunge mahali ninapokaa zaidi."

Nikasikia mashine ya visahani mbali ikilia tak, tak. Shemeji mkubwa alisogea mpaka kwenye nguzo, akaitikisa tochi kuona kama imekaza. Akaangalia zulia. Akaangalia ubao. Kisha akamgeukia mdogo wake wa pili.

"Sasa," akasema, "kwa mwanga huu tutaona nani huficha karata kwenye mkono wa kanzu."

Wakalipuka kwa kicheko wote, na wa pili akaapa kwa sauti hajawahi kuficha karata, na wakacheka zaidi. Mwalimu akachukua bunduki yake nyepesi na zile risasi laini, akaenda mstarini. Haikukwama. Alivunja visahani vichache na kukosa vingi sana, na kila akikosa wanampigia makofi, na yeye anageuka anainama kama mchezaji wa jukwaani. Aliporudi alinipa finjani ya kwanza kabla ya wenyewe. Shemeji wa tatu akaona, akasema, "Huyu ni nani hasa?" Mwalimu akajibu, "Huyu ni Abu Neema," baba yake Neema, kwa jina la heshima la mtoto wangu, ambalo sikujua hata kama alilishika. Tangu siku hiyo hakuniita Ilyasi tena.

Hapo ndipo nililielewa swali la pili la Mudir. Anaenda na nani. Niliporudishwa Jeddah kumalizia miaka yangu, Mudir akiwa amezeeka na kelele zake vile vile, nilikuwa nikiwauliza wateja wote swali hilo kabla ya kufungua kabati. Kijana anayekwenda na babake nilimtengenezea bunduki kwa namna moja, anayekwenda na marafiki wa majivuno kwa namna nyingine, na yule wa pili nilimuuzia vitu vichache zaidi, hata kafili akanung'unika. Kijana mwenye bunduki ya kwanza, nisikilize: kinachokukaa begani ndicho kizuri. Vingine vyote tafuta pa kuvitundika.

Nilistaafu macho yalipoanza kukataa skrubu ndogo. Mwaka mmoja kabla sijarudi, Mama Neema alinitangulia, na nilimzika kwa simu, nikiwa nimesimama nyuma ya stoo ya Jeddah, Mudir amenishika mkono bila kusema neno, yeye. Hilo siliongezi.

Siku ya kuondoka, Mwalimu alisafiri kutoka Riyadh kuja kuniaga. Alibeba boksi la bapa kutoka kwa mashemeji. Nikalifungua palepale uwanja wa ndege. Ilikuwa saa ya ukutani, kubwa, na nyuma yake majina yao wote wanne. Kumbe Mwalimu aliwasimulia kisa cha saa zangu siku nyingi nyuma, na siku zote hizo walijua, na waliiacha tochi yao palepale nguzoni. Nilicheka nikalia, watu wanapita na masanduku.

Sasa ninazo nne. Nyumba ni ile ile ya vyumba viwili, na mtu ni mmoja. Neema yuko Nakuru na watoto wake. Miezi ya kwanza nilikuwa nakaa sebuleni nazisikiliza zikipishana, hii inatangulia, ile inafuata, mpaka giza linaingia sijawasha taa. Majirani walinialika kwenye drafti pale kwenye kinu cha posho. Nikasema miguu inauma. Wakanielewa. Ni watu wazuri.

Ijumaa moja simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Mwalimu nilisikia kelele za mashemeji, na kinu cha kahawa.

"Abu Neema! Leo nimekosa visahani vyote. Vyote! Wamenicheka mpaka mkubwa kashikwa na kikohozi. Na wewe, leo nani amekucheka?"

"Hakuna, Mwalimu."

Nadhani alizisikia zile saa.

"Basi nitapiga Ijumaa ijayo," akasema, "na nitakuuliza tena."

Akakata simu. Hakuhitaji kuongeza kitu. Mimi ndiye niliyemvutia kiti siku ile. Jumatano nikatoa shati, nikalipiga pasi. Ijumaa nikaitungua ile saa ya jikoni ya shemeji wa Taveta, nikaibeba kwapani mpaka kwenye kinu cha posho, nikaomba msumari, nikaitundika juu ya meza ya drafti, maana hawa watu wanaibiana zamu. Nikakaa. Fundi baiskeli mmoja, kijana wa juzi, akanila kete zangu zote, akageuka akawaambia wenzake, "Huyu mzee ndiye alikuwa na bunduki Saudia? Ndege wa kule wamefurahi kweli!"

Walicheka mpaka mwenye kinu akazima mashine kuuliza kuna nini. Simu ikalia ikiwa mfukoni mwangu, nami sikungoja aniulize.

"Wote, Mwalimu," nikasema. "Leo wamenicheka wote."